Boti ya zamani: tuitengeneze ao tuiache?



Juma hili ninajibu swali la wamama wanaouza sambaza na vyakula kandokando ya ziwa. Walilileta katika karatasi ya daftari, na mimi ninalifupisha. Katika kikundi chao kuna mama mjane. Marehemu bwana yake alimwachia boti ya mbao, ndefu ya kubeba watu na mizigo. Motere ilikwisha kuuzwa wakati wa ugonjwa. Boti yenyewe iko ufukoni tangu miaka mitatu, imegeuzwa tumbo juu. Sasa mama anataka kuiuzia kikundi kwa bei ya chini, ili alipe minerval ya watoto wake wa sekondari. Nusu ya wamama wanasema tununue na tutengeneze: tutaacha kulipa nafasi na mizigo katika boti za watu, na tutakuwa tumemsaidia mwenzetu. Nusu nyingine wanasema mbao zimeoza, na feza ya sanduku itaingia majini. Wananiomba, mimi mwalimu, niamue.

Sitaamua kwa niaba yao, kwani sijaona boti ile. Lakini ninaweza kusaidia kwa namna ya kuamua. Jambo la kwanza ninaloliona ni hili: ndani ya swali lao kuna maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. Swali moja ni la mbao. Lingine ni la mapendo kwa mwenzetu. Tuyafungue, na tujibu kila moja mahali pake. Tukijibu swali la mbao kwa mapendo, tutapandisha watu ndani ya boti isiyofaa. Tukijibu swali la mapendo kwa mbao, tutamwacha mjane peke yake na shida yake.

Ziwa ni barabara yetu

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaonunua boti iliyooza kwa sababu wanapenda tu kazi ya mikono. Wanaifanyia kazi miaka mingi nyuma ya nyumba, na isipokwisha, hakuna anayelala njaa. Kwetu si hivyo. Hapa Goma boti ni gari, na ziwa ni barabara. Nanasi za Idjwi, ndizi na mihogo ya Minova, makala, maharagi, vyote vinapita majini. Mwaka 2024, vita vilipokata barabara ya Sake kwenda Minova, hata mama ambaye hakuwahi kupanda boti alipashwa kupanda.

Tunajua matokeo. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingoja wapendwa wao ufukoni. Ilikuwa imejaza watu kupita nafasi yake. Wengi waliokufa walikuwa watu kama sisi, wafanyabiashara na watoto wao. Wamama wa Idjwi nao wanakumbuka miaka ile wanaume walipovuka usiku na magunia ya kahawa kwenda Rwanda kwa mitumbwi midogo. Wengi hawakurudi, na kisiwa kikajaa wajane.

Ninakumbusha mambo hayo juu ya sababu moja. Kabati ikioza, unapoteza sahani. Boti ikioza, mahali ambapo ziwa linafika karibu mita 480 kwenda chini, hatuhesabu tena sahani. Basi, tunapopima boti ya zamani, tusipime kama tunavyopima meza.

Kuoza ni nini?

Tuanze na somo dogo. Ubao hauozi kwa sababu ya uzee. Unaozeshwa na kuvu, ndugu ya ile inayoota juu ya mkate ao bugali uliolala. Kuvu inataka vitu vitatu: mbao ya kula, hewa na unyevu. Ikikosa kimoja, inalala.

Ndiyo maana ubao unaokaa pakavu siku zote unadumu. Na ubao unaokaa chini kabisa ya maji siku zote unadumu pia, kwa sababu hewa haifiki vizuri. Unaooza haraka ni ule unaolowa na kukauka, unalowa tena na kukauka tena.

Ninyi mnaolala katika nyumba za mbao mnalijua jambo hili kuliko mafundi. Angalieni nyumba zenu: mbao za juu, chini ya manjanja, ziko nzima hata kiisha miaka kumi. Zinazooza ni zile za chini, zinazorukiwa na maji ya mvua na kuguswa na udongo. Ndiyo maana tunainua nyumba juu ya mawe ya volkano. Boti ni vilevile. Tafuteni pale maji yanapokuja na kuondoka: kwenye mstari wa maji, ndani chini kabisa, kwenye maungio ya mbao, na kandokando ya kila msumari.

Watu wa bahari wana adui mwingine, mdudu anayetoboa mbao ndani ya maji ya chumvi. Ziwa letu halina mdudu yule. Lakini chumvi ya bahari inasaidia kuzuia kuvu, na sisi hatuna msaada huo. Adui yetu mkubwa ni maji ya mvua yanayoingia ndani ya boti na kukaa humo siku nyingi bila mtu kuyachota. Kwa hiyo marehemu ao jamaa yake walifanya vizuri kuigeuza boti tumbo juu. Mvua haikukaa ndani. Lakini ukingo wa juu, ambao sasa unagusa udongo, umekuwa kama ubao wa chini wa nyumba. Hapo muangalie kuvu, na muangalie mchwa pia.

Na mti wenyewe ni jambo. Boti nyingi zinaundwa kwa mkaratusi ao kwa mbao ngumu ya pori kama libuyu. Katika mti wowote, sehemu nyeupe ya nje inaoza mbele, na moyo wa mti unadumu zaidi. Fundi aliyefanya haraka na kuacha sehemu nyeupe ameacha pia mlango wa kuvu.

Mifupa na ngozi

Boti ina mifupa na ina ngozi. Mfupa mkubwa ni ule ubao mrefu na mnene wa chini, unaotoka mbele mpaka nyuma. Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania, waliounda vyombo vya mbao kwa karne nyingi, wanauita mkuku. Kutoka pale zinapanda mbavu, kushoto na kuume. Wao wanaziita mataruma. Kisha mbao za pembeni zinapigiliwa juu ya mbavu: hiyo ni ngozi.

Tofauti hii ndiyo moyo wa jibu langu. Ngozi inabadilishwa. Ubao mmoja wa pembeni ukioza, fundi anautoa na kuweka mwingine, na boti inabaki boti. Huko Lamu na Zanzibar hiyo ni kazi ya kawaida. Chombo kinapandishwa pwani, pamba yenye mafuta inapigwa kati ya mbao ili maji yasiingie, na kazi hiyo inaitwa kalafati. Chini kinapakwa deheni, ni kusema mafuta ya nyama na chokaa. Ubao uliochoka unabadilishwa mbele haujaharibu jirani yake. Chombo kinazeeka, lakini ngozi yake inakuwa mpya kila mara.

Mifupa ni neno lingine. Mkuku ukioza, hakuna kitu cha kupigilia mbavu. Mbavu zikioza, hakuna kitu cha kupigilia mbao mpya. Msumari mpya katika ubavu uliooza ni kama kijiti katika bugali: unaingia kwa urahisi na unatoka kwa urahisi. Kubadilisha mkuku na mbavu zote ni kuunda boti mpya huku ukilipia ya zamani.

Kuna methali ya pwani inayosema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni lile tumbo la chini ambamo maji yanakusanyika. Watu wanaitumia kwa mambo mengi ya maisha. Sisi tuichukue leo vile ilivyo: zungukeni mbele na nyuma, angalieni rangi na majina yaliyoandikwa pembeni, lakini mwishowe murudi ngamani. Boti inasema ukweli wake pale chini.

Nitatoa mfano wa chombo kilichopona. Kwenye ziwa Tanganyika kuna meli ya zamani inayoitwa Liemba. Wadachi waliiunda kwao mwaka 1913, wakaivunja vipande na kuipeleka Kigoma, na mwaka 1915 iliingia majini kwa jina lingine. Mwaka 1916, katika vita, wao wenyewe waliizamisha ili adui asiichukue, lakini mbele ya kuizamisha walipaka mashini zake mafuta mazito. Waingereza waliitoa chini ya maji mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini. Ilisafirisha watu miaka mingi mingi kiisha hapo. Meli ile ni ya chuma, si ya mbao, lakini somo ni lilelile: ilipona kwa sababu mifupa yake ilikuwa mizima na moyo wake ulihifadhiwa. Haikupona kwa sababu watu waliihurumia.

Namna ya kupima

Hamhitaji mashini yoyote. Mnahitaji msumari mrefu ao kisu chembamba, nyundo ndogo, ufagio mgumu, na asubuhi moja yenye jua.

Kwanza, safisheni. Ondoeni matope, majani na rangi inayobanduka. Boti iliyopakwa rangi mpya juma lile linalouzwa muiangalie mara mbili. Lami na rangi vinafunika ubao mbovu vizuri sana.

Pili, pigeni nyundo polepole, kila mahali, kutoka mbele mpaka nyuma. Ubao mzima unalia kwa sauti kali. Ubao uliooza unajibu kwa sauti nzito na ya chini, kama mtu anayepiga gunia la unga. Wekeni alama ya makala kila mahali penye sauti mbaya.

Tatu, chomeni msumari kwa mkono, bila nyundo, hasa pale penye alama. Katika ubao mzima msumari unakataa kwenda mbali. Katika ubao mbovu unaingia kama katika muhogo uliopikwa. Kisha inueni kijiti kidogo cha ubao kwa ncha ya kisu. Kikitoka kirefu chenye nyuzi, mti uko hai kwa kazi. Kikivunjika kifupi bila nyuzi, umekwisha. Ubao ambao umekuwa mweusi-kahawia na kupasukapasuka vipande vya mraba kama makala, huo hauna swali tena.

Nne, angalieni misumari. Msumari wa chuma ukipata kutu unavimba, unapanua tundu, na kuozesha mti kandokando yake. Shikeni ubao kwa mikono miwili na muutikise. Ukicheza juu ya ubavu, msumari ule haushiki kitu.

Tano, hesabuni mbavu. Mtu mmoja ahesabu, mwingine aandike: ubavu wa kwanza mzima, wa pili mzima, wa tatu umeoza chini. Andikeni katika daftari, musiweke kichwani. Kichwa kinachotaka kununua kinasahau mbavu mbovu.

Na neno juu ya kuvuja. Boti iliyokaa pakavu miaka mitatu itavuja siku ya kwanza, hata kama ni nzima. Mbao zikikauka zinapungua na kuacha nafasi. Zikilowa zinavimba na kuziba. Kwa hiyo musikatae boti kwa sababu imevuja asubuhi ya kwanza. Na musikubali boti kwa sababu haivuji, kwani lami nyingi inaweza kuzuia maji kwa majuma machache juu ya ubao ambao hauna nguvu tena. Swali si kama maji yanaingia leo. Swali ni kama mifupa itashika siku upepo utakapoamka katikati ya ziwa.

Mwishowe, mpelekeni fundi. Lakini chagueni fundi ambaye hauzi boti ile, na ambaye si yeye atakayelipwa kuitengeneza. Mumlipe kwa kuangalia tu. Anayepata kazi mukisema ndiyo, ni vigumu kwake kuwaambia hapana. Feza ya ukaguzi ni kidogo, na inaweza kuokoa sanduku lote.

Kinachopona na kisichopona

Mkikuta mbao mbili ao tatu za pembeni zimeoza, ukingo wa juu umeliwa na udongo, viti vimevunjika, misumari ina kutu lakini mbavu na mkuku vinalia vizuri, boti ile ni mgonjwa wa kupona. Tengenezeni bila woga, lakini kwa sheria hii: kata mpaka kwenye mti mzima. Fundi akitoa sehemu mbovu tu anayoiona na kuacha kidogo kilichoanza kuoza, kuvu itaendelea kula ubao mpya mliouweka. Na musikubali kipande cha njanja kilichopigiliwa juu ya tundu kwa misumari midogo. Maji yanakaa nyuma ya njanja, hewa kidogo inaingia, na pale kuvu inakula vizuri kuliko mwanzo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli, lakini ufa unazibwa kwa ubao, hauzibwi kwa kifuniko.

Mkikuta ubavu mmoja ao mbili zimeoza, na zingine nzima, fundi mwema anaweza kuzibadilisha. Bei inapanda, lakini bado inawezekana.

Mkikuta mkuku unachomeka, ao mbavu mbovu ni nyingi kuliko mnavyoweza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ao mbele ya boti pale mbao zote zinapokutana pamekuwa laini, acheni. Kamba hukatikia pabovu, na boti pia.

Hesabu ya sanduku

Sasa tuchukue kalamu. Nitatumia namba za mfano tu, kwa dola, ili kuonyesha namna. Ninyi mtaweka bei za kweli mtakazopewa.

Tuseme boti inauzwa 200. Mbao 180, misumari na lami 70, fundi 150, kubeba vitu na kulisha wafanyakazi 30. Hiyo ni 430. Kisha ongezeni 130 kwa yale mtakayoyakuta mkifungua mbao, kwa sababu mtakuta. Matengenezo yamefika 560, na pamoja na bei ya kununua ni 760. Kama mifupa ni mibovu na boti itafanya kazi miaka 2 tu, kila mwaka umewagharimu 380.

Tuseme boti mpya ni 1.600, na ikitunzwa itafanya kazi miaka 8. Kila mwaka ni 200. Basi ile ya bei ya chini ndiyo ya bei ya juu.

Lakini tuseme mifupa ni mizima. Matengenezo yanapungua nusu, yanakuwa 280. Pamoja na bei ya kununua ni 480. Boti inafanya kazi miaka 5. Kila mwaka ni 96. Hapo wanaotaka kununua wana haki kabisa.

Mnaona? Boti ni ileile, bei ni ileile. Mbavu ndizo zimebadilisha jibu. Wamama wanaosema ndiyo na wamama wanaosema hapana hawakosani juu ya feza. Wanakosana juu ya kitu ambacho hawajakipima.

Na katika hesabu hiyo sijaweka motere. Boti bila motere haifiki Minova na mizigo. Mkisahau motere mtatengeneza boti nzuri ya kukaa ufukoni.

Jambo lingine la hesabu: mkianza na mkagundua katikati kwamba mkuku ni mbovu, msiendelee kwa sababu tu mmekwisha kutoa feza. Feza iliyokwenda haiiti nyingine. Wekeni mpaka mbele ya kuanza: tukifika dola fulani na haijakwisha, tunasimama. Katibu aandike, na wote watie sahihi.

Hata ikipona

Boti iliyotengenezwa bado ni boti ya zamani. Haina nguvu ya ziada ya kuvumilia pupa yetu. Muulizeni fundi inapashwa kubeba watu wangapi na magunia mangapi, kisha mchukue namba iliyo chini yake. Pakeni mstari wa rangi pembeni. Mstari ukiingia majini, hakuna gunia lingine, hata la mtunza feza. Mwaka 2019, kiisha boti kuzama upande wa Kalehe, Raisi wa Jamhuri aliagiza kila msafiri wa ziwa avae jile ya kuelea. Agizo lile lisibaki katika redio. Bei ya jile iingie katika hesabu ya boti tangu siku ya kwanza, pamoja na zile ndogo za watoto, kwani jile ya mtu mkubwa inamtoka mtoto majini.

Na mbele ya kupiga kura, kila mama ajiulize kimoyomoyo swali moja: ningempandisha mtoto wangu ndani ya boti hii, na mzigo, upepo ukiwa umeanza? Kama jibu ni hapana kwa mtoto wako, ni hapana pia kwa mtoto wa mteja.

Na mwenzetu mjane?

Sasa swali la mapendo. Wengi wenu muko katika MUSO, na mnajua kwamba sanduku la kijani ni la kuweka na kukopa, na sanduku jekundu ni la kusaidiana wakati wa shida. Hekima ya masanduku yale ni kwamba hayachanganywi. Kununua boti ni kazi ya sanduku la kijani: inapimwa kwa faida. Minerval ya watoto wa mjane ni kazi ya sanduku jekundu: inapimwa kwa shida. Mkinunua boti mbovu ili kumsaidia, mmetoa msaada kutoka sanduku lisilo lake, na mmempa mzigo mwingine: siku boti ikizama, watu watataja jina la bwana yake.

Basi, hata kama boti ni nzuri, msimpunjie bei kwa sababu ana haraka. Mlipeni bei ya haki ambayo fundi wa ukaguzi ataisema. Na hata kama boti ni mbovu, msimrudishie tu neno la hapana mbele ya kikundi chote. Wamama wawili wanaomheshimu waende kwake nyumbani, wamwonyeshe daftari la mbavu, wakae naye. Boti ile si mbao tu kwake. Ndiyo iliyolisha nyumba yake. Anahitaji kusikia kwamba bwana yake alikuwa fundi na mlezi, na kwamba mti umeoza kwa mvua, haukuoza kwa sababu ya uzembe wake. Kisha wamwambie sanduku jekundu litafanya nini juu ya watoto, kwa tarehe na kwa kiasi.

Boti isiyotengenezeka bado ina mali ndani yake. Mbao nzima za juu zinaweza kuwa kiti cha kikundi, meza ya kuuzia sambaza, ao kibanda cha kuku. Ukimuuzia fundi mbao zilizo nzima, unamletea mjane feza kidogo ya kweli. Lakini mbao zilizopakwa lami na rangi msizichome katika mbabula. Moshi wake ni mbaya kwa kifua cha watoto, na unaharibu chakula.

Kazi ya juma hili

Mnajua mwalimu haondoki bila kuacha kazi. Kwa kikundi kilichouliza, na kwa kikundi chochote kinachoitiwa boti, nyumba, mashini ya kusaga ao kitu kingine cha zamani:

1. Chagueni wamama watatu: mmoja anayetaka kununua, mmoja asiyetaka, na mmoja ambaye hajasema. Waende pamoja na msumari, nyundo na daftari.
2. Walipe fundi wa kuangalia tu, asiye na faida katika jibu.
3. Waandike hali ya mkuku, hali ya kila ubavu, na hesabu ya mbao za kubadilisha.
4. Waulize bei za kweli sokoni, za matengenezo, za motere, za jile, na za boti mpya.
5. Wagawe kila jumla kwa miaka ya kazi, na wasome matokeo mbele ya wote.
6. Siku ileile, lakini katika ukurasa mwingine wa daftari, kikundi kiamue msaada wa mjane.

Mkifanya hivyo, kura itakuwa fupi. Mifupa ikiwa mizima, nunueni na mtengeneze kwa furaha, na siku ya kushusha boti majini muniite, nitakuja na wanafunzi wangu kuimba. Mifupa ikiwa mibovu, acheni boti ilale pale ufukoni ilipofika kwa heshima, na watoto wa mjane waende masomoni.

Maswali yenu mengine myalete kwa katibu wa chama mbele ya siku ya ine. Amani kwa nyumba zenu.

Mwalimu wenu.